Mbwa Aliketi, Mimi Nikaanguka

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope la ploti yetu ya kupanga pale Makina, Kibera, saa saba mchana, Jumamosi, katikati ya harusi ya watu. Kamba ya mbwa ilikuwa imenizunguka miguu yote miwili. Mkono wangu wa kulia, wenye gundi ya viatu mpaka ndani ya kucha, ulikuwa umeshika pindo la gurbaba ya mama mwenye ploti. Gurbaba ni lile vazi ambalo akina mama wa Kinubi hujifunga siku ya sherehe, na hiyo yake ilikuwa ya manjano, mpya, siku yake ya kwanza kutoka sandukuni. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Na mbwa wangu, ambaye ndiye aliyenivuta mpaka hapo, alikuwa ameketi. Vizuri kabisa. Upande wa kushoto wa mama mwenye ploti, shubiri mbili kutoka mguu wake, kifua mbele, masikio juu, mdomo umefungwa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ploti nzima ilitutazama, sahani mkononi. Mzee mmoja alikuwa na kijiko hewani na hakukishusha.

Mimi nimeunguliwa nyumba mara mbili. Nimebomolewa mara moja, asubuhi, nikiwa bado nimelala ndani. Nimefukuzwa kazi na watu ambao hawakuwa wameniandika kazi. Hayo yote yalipita nikabaki. Lakini sijawahi kuaibika kama siku ile, na tofauti na moto, hii aibu ina watu walioiwasha. Majina sitaandika, mke wangu amenikataza. Lakini kila mmoja atajijua akisoma, na wa kwanza wao anakaa mtaa wa Kawangware 46 na ni kaka wa huyo huyo anayenikataza.

Turudi nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa nje wa ploti, kando ya geti, kwenye njia ya watu wanaoshuka kwenda Kisumu Ndogo. Kimevunjwa mara mbili. Mara ya pili wezi walibeba mpaka lile chuma la kugongea soli, na viatu vya wateja wakachukua bila mpango, hiki kushoto, kile kulia. Wewe umewahi kumwambia mwalimu mkuu kwamba kiatu chake cha kushoto kimeibiwa ila cha kulia kipo salama? Mimi nimewahi. Akaniuliza, "Sasa fundi, unataka nifurahi nusu?"

Baada ya hapo ndipo mbwa akaja. Hakuna aliyemleta. Alikuja mwenyewe akiwa mwembamba kama mwavuli uliofungwa, akala ulimi wa kiatu cha shemasi, akalala mlangoni pa kibanda. Jina lake pia sitaandika, naye ana heshima yake. Tangu alale pale, mwizi hajarudi. Usiku analala kibandani, mchana namweka chumbani kwangu, maana wateja wanamwogopa. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni lazima apite katikati ya ploti, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mbwa huyo alikuwa hapiti, alikuwa anashambulia njia. Anavuta kama ng'ombe, anamrukia kila mtu kumsalimia, ananusa kila beseni la nguo. Jirani yangu mpika chapati alikuwa anamtupia vipande kwa dirisha, kwa hiyo kila tukifika mlangoni pake mbwa anasimama kwa miguu miwili kama anaomba kazi. Huyo jirani ni mhusika namba tatu. Namwandika hapa mapema nisimsahau.

Mama mwenye ploti tunamwita Hajati. Ni Mnubi wa hapo hapo, babu yake ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza kwenye kiwanja hicho. Hana makelele. Siku moja mbwa alimrukia akitoka kutawadha, akamwachia alama ya mdomo kwenye mkono wa nguo. Jioni akaja mpaka mlangoni kwangu akasimama mbali.

"Baba," akasema, "mimi sina neno na mbwa. Ni kiumbe wa Mungu. Neno langu ni mate. Mbwa wako akinigusa na mate yake, mimi nafua mara saba, na moja ni kwa udongo. Wewe ukinigusa nafua mara moja. Unaona tofauti?"

"Naona, Hajati."

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi namwoza mjukuu wangu. Ploti itajaa watu waliovaa safi. Kufikia siku hiyo huyu mbwa awe anajua kutembea kando yako kama mtu mwenye akili, na kuketi watu wakipita. Asipojua, nyinyi wawili mtatafuta pengine."

Chumba kile nimekaa miaka kumi na moja. Ni chumba ambacho hakivuji, na mtu wa Kibera anajua chumba kisichovuja hakiachwi kwa sababu ya mbwa, wala mbwa anayezuia wezi haachwi kwa sababu ya chumba. Nilihitaji vyote viwili.

Nikaanza mwenyewe. Kamba niliishona kwa mkanda wa begi la shule, nikaiwekea bizimu ya sandali ya ngozi, kile chuma cha kufungia. Kazi nzuri, hata leo haijakatika, na ndiyo maana nililala tope siku ile. Nilikuwa nimesikia kwamba mbwa akivuta, wewe simama kama mlingoti mpaka alegeze, ndipo uendelee. Nikajaribu kwenye kichochoro chetu. Mbwa akavuta, nikasimama. Nyuma yangu akasimama jamaa wa mkokoteni wa maji na mitungi yake yote, nyuma yake mama wa omena, wale dagaa, na beseni kichwani, nyuma ya mama watu wengine ambao sikuwaona, niliwasikia tu.

"Buda, umekwama ama umekufa?" akauliza wa mkokoteni.

"Namfundisha mbwa."

"Anakufundisha wewe! Si ni wewe umesimama? Songa, bana, maji yanachemka na jua!"

Mama wa omena akasema mbwa hakuwa anavuta bure, alikuwa anafuata beseni lake. Kwa hiyo mbele kulikuwa na mbwa anayetaka kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na watu wanaotaka kwenda mbele, na mimi katikati nimekuwa mlingoti. Nikaacha.

Ndipo mke wangu akasema, "Si uende kwa kaka. Alifanya kazi na mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka sita."

Na ni kweli, shemeji alifanya kazi na mbwa wa kampuni ya ulinzi. Kila Krismasi alikuwa anatuambia. "Mimi na mbwa, sisi ni damu." "Mbwa wangu walikuwa kumi na wanane, na wote wakiniona wananyamaza." Hakuna aliyemuuliza kazi yenyewe ilikuwa gani. Hilo ndilo kosa langu, na ni moja tu.

Jumapili nikamchukua mbwa tukaenda kwa miguu, tukakata Barabara ya Ngong, tukapitia Riruta mpaka Kawangware 46. Mimi niliwahi kukaa huko, na huko ndiko nilikooa, kwa hiyo njia naijua hata mbwa akinivuta kinyumenyume, na ndivyo ilivyokuwa. Shemeji alitupokea akiwa na fulana ya ndani na kofia ya zamani ya kazi. Akamzunguka mbwa mara mbili, mikono nyuma.

"Huyu amechelewa," akasema.

"Kuchelewa kivipi?"

"Umri. Lakini mimi nimewatengeneza wabaya kuliko huyu. Shemeji, mbwa wa kazi anatembea kushoto. Bega lake, goti lako. Ukisimama, anaketi. Huambii mara mbili."

"Kwa nini kushoto?"

"Usiniulize maswali ya raia."

Akaingia ndani akatoka na sufuria, mwiko na bonge la ugali. Akagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, ko, ko, ko. Mbwa akageuka. Akamwonyesha ugali kando ya goti la kushoto, akauinua kidogo, mbwa akafuata kwa macho mpaka makalio yakagusa chini. Akampa. Akatembea hatua nne, akagonga tena, ko, ko, ko. Mbwa akaja mbio kushoto kwake, akaketi. Kufikia saa kumi yule mbwa alikuwa anatembea kando ya shemeji kama wametoka kupokea cheti cha ndoa. Nusura nilie. Nilimshika shemeji mkono nikamwambia Mungu ambariki, maneno ambayo sasa nayataka nirudishiwe.

"Sasa sufuria nitaiacha lini?" nikauliza.

"Sufuria ni ya kuanzia tu. Akizoea utaacha."

"Nitajuaje amezoea?"

"Utajua mwenyewe, shemeji. Hiyo kitu inakuja na uzoefu."

Basi. Kwa wiki tatu watu wa Makina waliniona nikitembea na kamba mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, na sufuria ya ugali ya nyumbani kwangu nimeifunga kiunoni kwa kamba ya viatu. Ko, ko, ko. Vijana wa kuosha pikipiki wakawa wananisindikiza kwa maswali. "Niaje mzee, leo ni mchele ama githeri?" "Mzee, tupange laini?" Mama mmoja mgeni alitoka kwake na bakuli kweli. Na ule upande wa kushoto nao una mambo yake. Kichochoro chetu kina mtaro. Tukishuka, mtaro uko kushoto, mbwa anatembea ndani ya mtaro. Tukipanda, mtaro uko kulia, natembea mimi. Nilimpigia shemeji simu kumwambia. Akajibu kwamba mbwa wa kampuni hawakuwa na mitaro.

Lakini alishika! Hilo siwezi kulificha. Alhamisi kabla ya harusi, Hajati alitusimamisha katikati ya ploti atujaribu. Nilikuwa nimevaa koti refu, na sufuria iko chini ya koti. Akasema, "Haya, mimi napita." Nikagonga kidogo, kwa kucha tu, ko, ko, ko. Mbwa akaja goti la kushoto, akaketi, hakutikisika. Hajati akapita. Akarudi akapita tena.

"Mashallah," akasema. "Kumbe ni wewe ndiye ulikuwa hujafundishwa."

Nilicheka na yeye. Chumba changu kilikuwa kimepona.

Sasa, kuna desturi moja ambayo kila mtu aliyekaa ploti anaijua. Harusi ikiwa kwenu, kila nyumba inatoa sufuria. Kubwa, ndogo, yoyote uliyo nayo, unaifunga uzi wa rangi kwenye mkono wake ili ujue ni yako wakati wa kurudishiwa, unaipeleka jikoni kwa wapishi pamoja na mwiko. Usipotoa utakaa na hiyo sifa mpaka ufe. Jumamosi asubuhi mimi nikiwa kibandani nashona viatu vya babake bwana harusi, mke wangu akafunga uzi mwekundu kwenye sufuria yetu ya ugali, akaipeleka. Hakuniambia. Huyo ndiye mhusika namba mbili.

Mchana, mbwa aliyefungiwa chumbani tangu alfajiri akaanza kulia. Haja ni haja. Nikatafuta sufuria nikakosa, nikajiambia, huyu sasa amezoea, shemeji alisema nitajua mwenyewe, nimejua. Nikafunga kamba, nikaizungusha kiganjani mara mbili ili iwe fupi, tukatoka.

Na alitembea! Mita kama kumi, mbele ya akina mama waliokuwa wanacheza doluka, ile ngoma yao ya harusi, bega lake kwenye goti langu, kamba imelegea kama ya mtu anayeota. Bibi mmoja akasema, "Ona mbwa anavyotembea, utasema ana cheo." Nilijinyoosha. Nilianza hata kusalimia watu kwa kichwa.

Ndipo Hajati, aliyekuwa mwenyewe anasimamia kupakua, akachukua mwiko wangu akaugonga kwenye ukingo wa sufuria yangu kudondosha wali ulioganda.

Ko, ko, ko.

Kilichofuata nilishaeleza mwanzoni. Ninachoweza kuongeza ni kwamba tulipita chini ya meza moja, na kwamba mimi sikutaka kupita chini ya meza. Mbwa alifika kushoto kwa Hajati akaketi. Mimi nikafika nikalala. Na kamba, ambayo mbwa alikuwa ameitafuna asubuhi yote hadi imelowa mate, ikamzunguka Hajati gurbaba yake mpya, mara moja, taratibu, kama imepimwa.

Hajati hakupiga kelele. Alimtazama mbwa. Akanitazama mimi. Kisha akatazama sufuria iliyofungwa uzi mwekundu, na mimi nikaona wazo likimfikia, nikatamani tope linimeze.

"Baba," akasema, polepole, "hii sufuria ndiyo ile uliyokuwa unatembea nayo njiani?"

Hapo ndipo kila sahani ilisimama. Nikaona mashavu yaliyojaa wali na hayatafuni. Yule mzee wa kijiko ndipo alipobaki nacho hewani.

"Ndiyo, Hajati."

"Mbwa amewahi kutia mdomo humu?"

"Haki ya Mungu, hajawahi! Ni ya kugonga tu. Ugali nampa kwa mkono."

Mke wangu akajitokeza kutoka kwa wapishi, kitambaa mkononi. "Hajati, hiyo ndiyo tunayopikia sisi wenyewe. Mbwa angetia mdomo humo, huyu mume wangu ndiye angelala kibandani."

Hajati akamwangalia muda mrefu. Wanawake wawili wanaojuana miaka kumi na moja. "Kuleni," akawaambia watu. Mashavu yakaanza tena. Akanigeukia. "Mbwa hakunigusa. Amekaa mbali na amefunga mdomo. Kamba imenigusa, na wewe umenigusa. Leo nina kazi mara nane."

Ploti ikacheka mpaka ngoma ikarudi yenyewe. Bwana harusi alicheka hadi akashikwa. Hakuna aliyeninyanyua isipokuwa jirani wa chapati, na yeye alikuwa anapita kumpa mbwa kipande.

Jioni nikiwa najikuna tope kavu masikioni, nikamweleza mke wangu, ambaye wiki zote tatu alidhani sufuria ni ya kubebea ugali tu, yale yote, kugonga mara tatu, kushoto, ugali. Mdomo wake ukaanza kucheza. Kisha akajifunika uso kwa leso akacheka mpaka akakaa chini.

"Nini?"

"Si hivyo ndivyo alivyokuwa anawaita wale."

"Wale nani?"

"Mbwa wa kampuni. Kaka alikuwa anawapikia. Wakati wa chakula anagonga sufuria na mwiko, nao wanapanga laini, wanaketi."

Miaka sita. Kumi na wanane. Sisi ni damu. Alikuwa mpishi! Alichomfundisha mbwa wangu si kutembea wala kuketi. Alimfundisha kwamba mtu yeyote anayegonga sufuria ndiye bosi wake.

Nikampigia simu hapo hapo.

"Shemeji," akasema, "nijibu kitu kimoja. Mbwa aliketi ama hakuketi?"

"Aliketi."

"Kushoto?"

"Kushoto."

"Sasa unalia nini?" Akakata.

Kesho yake Hajati akaja na gurbaba ndani ya karai, akaiweka mlangoni pangu bila kuigusa sana. Akaniuliza nani alimfundisha mbwa. Nikamwambia, na nikamwambia pia ile habari ya upishi, nikidhani atanihurumia.

"Basi aje," akasema. "Aliyefundisha ndiye afue. Mara saba kwa ajili ya kamba, na udongo nitachagua mimi. Mara ya nane ni yako. Namsubiri mpaka Ijumaa. Asipokuja, mbwa atabaki, maana yeye nilimpa mtihani na amefaulu. Wewe ndiye utahama."

Tena mbwa mwenyewe ameshahama nusu. Kila mchana Hajati akipakua chakula chake, huyo anatoka chumbani kwangu, anaenda kuketi nje ya mlango wa jikoni yake, kushoto, shubiri mbili, kimya. Hajati anamwachia mfupa kwenye karatasi. Mimi nikimwita ananitazama hivi, kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Kwa hiyo shemeji, nakuandikia wewe, na wengine wakisoma wawe mashahidi. Leo ni Jumatano. Simu hushiki. Karai liko mlangoni pangu, gurbaba ni ya manjano, huwezi kupotea. Njia unaijua, kata Barabara ya Ngong ushuke. Sitaki pole, na sitaki uniambie tena ya kampuni. Nataka usimame mbele ya Hajati, mbele ya mke wangu aliyenyamaza miaka yote hiyo, na mbele ya mbwa, ujibu kwa mdomo wako: ulikuwa mwalimu wa mbwa, au ulikuwa mpishi wao? Ukimaliza kujibu, upinde suruali uchukue udongo ufue. Na kofia yako ya kazi uiache nyumbani.